Bwawa la Jumanne

Kisanduku cha saba ndicho kinachomtoa jasho Lorna Haythorne:
"Eleza shule yako inaufaa umma kwa namna gani."
Saa tatu usiku. Radieta inakohoa ukutani.
Anaandika: Bwawa. Anafuta.
Anaandika: Bwawa la kuogelea, maji ya uvuguvugu,
Jumanne, saa nane hadi saa tisa.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.
Hapa Ardenshaw kutoa ni kurasa kumi na nne
na sahihi za wadhamini,
na ukishatoa hivyo unarudishiwa:
peni themanini za kila pauni ya kodi ya majengo
husamehewa, kwa kuwa shule ni sadaka.

Sadaka! Neno limevaa tai na koti la mistari,
linapanda ngazi za mawe likinukia nta.

Juu ya meza yake ananing'inia Ambrose Thackwray,
mchuuzi wa sufu, mashavu mekundu,
aliyeandika wakfu wake homa ikimtikisa:
wavulana kumi na wawili, maskini wa mtaa huu,
wafundishwe kusoma bila malipo,
na kila mmoja apewe viatu kabla ya baridi.
Miaka mia nne na hamsini. Rangi imepasuka kidevuni.
Geti sasa lina namba ya siri,
na ada ya mwaka ya mtoto mmoja
inaumeza mshahara wa Lorna
kisha inauliza kama kuna chai.

Mwalimu mkuu, Bwana Strickley, si mtu mbaya.
Aliimba kwenye mazishi ya mume wa Lorna, sauti ikamkatika.
Jana kikaoni alisema: "Wakitutoza,
nitaanza kwa kufuta zile nafasi mbili za bure.
Nianzie wapi kwingine? Paa? Mwalimu wa Kilatini?"
Mtu akasema: mwalimu wa Kilatini.
Wakacheka. Nafasi mbili hazikutajwa tena.

Na yupo Dilys, upande wa pili wa bonde,
mwenye shule ya watoto thelathini na mmoja wasiosikia,
bajeti yake nusu mkopo, nusu mnada wa keki.
Kalamu ya Hazina haina macho:
ikimkata Thackwray itamkata na Dilys.
Lorna anajua. Ndiyo maana halali vizuri,
ndiyo maana hasemi "msamaha ufutwe" kwa sauti
hata akiwa peke yake.

Lakini yeye ni mtu wa hesabu.
Kodi iliyosamehewa: pauni laki moja na elfu kumi na mbili.
Jumanne za masomo: thelathini na tano.
Anagawa. Anagawa tena, haamini kikokotoo:
saa moja ya maji, pauni elfu tatu na mia mbili.
Na katika saa hiyo toa dakika kumi za kuvua,
kumi za kuvaa, tano za kugombania taulo.

Mjukuu wake Rowan huja na kundi hilo
kutoka shule ya ng'ambo ya barabara,
ambako ndoo mbili za plastiki zinasoma darasa la tano
tangu Oktoba, chini ya paa linalovuja,
na hazijakosa siku hata moja.
Lorna humwona kupitia dirisha la ofisi.
Mtoto hapungi mkono; ameambiwa asipunge.
Viatu huachwa mlangoni, jozi thelathini,
na cha Rowan cha kushoto kimefumuka mdomo
kama chenye swali.

Radieta imenyamaza.
Lorna anasogeza kiti, anaandika pasipo kufuta:

Bwawa: saa moja.
Maskini wa mtaa huu: wawili.
Viatu:

na kijistari kwenye kioo kinawaka, kinazima, kinawaka,
kikisubiri idadi.